Chuo cha Kanisa, mkopo wa Serikali: salio anabeba nani?

Kila mwaka, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita mwezi Julai, swali moja huzunguka kwenye nyumba nyingi: mtoto aende chuo cha Serikali au cha Kanisa? Kanda ya Ziwa swali hilo huja na majina kabisa: UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma cha Serikali, au SAUT ya Kanisa Katoliki, Mwanza. Wenye haraka husema vya Kanisa ni ghali. Wengine, kwa haraka ileile, husema vya Kanisa vina nidhamu na mtoto atamaliza kwa wakati. Wote wana ukweli wao, lakini wote wanaruka jambo linalomuumiza mwanafunzi zaidi, nalo ni mpangilio wa mambo. Mwanafunzi huomba chuo, huchaguliwa, huthibitisha, kisha ndipo ajue kama amepata mkopo na kwa kiasi gani. Salio la ada linamkuta ameshapanga chumba Malimbe, mtaa ilipo SAUT.

Tuanze na namna vyuo hivi vilivyojaa, kwa sababu hapo ndipo mzizi ulipo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kilizaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha Nyegezi kilichoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1960. Mmiliki wake ni Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kwa miaka ya mwanzo kilikuwa chuo cha wastani chenye jina katika uandishi wa habari. Kisha yakaja mambo mawili kwa kufuatana. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kazi mwaka 2005, na haikumbagua mwanafunzi kwa kuwa yuko chuo binafsi. Mwaka 2006 nchi ikaingia kwenye wimbi la kujenga shule za kata, kila kata na sekondari yake, na sekondari zinataka walimu.

Kanisa lilisoma alama hizo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Vyuo vikuu vishiriki vya SAUT vikaota Moshi, Iringa, Mtwara, Tabora, Songea, Bukoba, na karibu kila kimoja kilikuwa na shahada ya elimu. Sioni ubaya wowote hapo. Serikali peke yake isingeweza kuzalisha walimu wale kwa kasi ile, na leo ukienda sekondari nyingi za vijijini utawakuta wahitimu wa vyuo hivyo wakifundisha Historia na Kiswahili kwa watoto ambao wazazi wao hawakuvuka darasa la saba. Baadhi ya vyuo hivyo, kama Mwenge, Ruaha na kile cha tiba cha Bugando, vimesimama vyenyewe kuwa vyuo vikuu kamili.

Tatizo ni kwamba ongezeko lile liliegemea mteja mmoja na mlipaji mmoja, na wote wawili walikuwa Serikali. Mkopo ulitoka Serikalini, ajira ikatoka Serikalini. Miaka ambayo mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo moja kwa moja, shahada ya elimu ilijiuza yenyewe. Baada ya 2015 ajira za walimu wa masomo ya sanaa zikakauka, mhitimu akaanza kusubiri nafasi na kushindana na maelfu wenzake. Wakati huohuo vyuo vya umma vilikuwa vimepanuka: DUCE na Mkwawa, vyuo vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilianza mwaka 2005, UDOM mwaka 2007 kikiwa kimebuniwa kubeba wanafunzi 40,000. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikafunga breki zaidi, ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka huo wa masomo, vingi vyao vikiwa binafsi. Mwaka huohuo utaratibu wa TCU kupokea maombi yote kwenye mfumo mmoja na kuyagawa ukakoma. Waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja. Chuo kilichozoea kuletewa majina sasa kilitakiwa kwenda kuyatafuta.

Ndipo tukaanza kuona matangazo ya udahili kwenye mabasi.

Je, ni ghali kweli? Kwenye shahada za sanaa, elimu na biashara pengo la ada si la kutisha. Vyuo vya umma hutoza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka, na chuo cha Kanisa hakiko mbali sana na hapo. Ada ya udhibiti ubora ya TCU, shilingi 20,000, inalipwa kote. Bima ya afya inalipwa kote. Kwenye udaktari hadithi ni nyingine kabisa: anayesomea Bugando hulipa zaidi ya mara mbili ya anayesomea Muhimbili, na hakuna bango litakaloficha hilo.

Lakini ada zikikaribiana haina maana gharama zinakaribiana. Kwenye chuo cha umma mshahara wa mhadhiri unatoka Hazina na mabweni yanajengwa kwa bajeti ya maendeleo. Ada ya mwanafunzi ni nyongeza. Kwenye chuo cha Kanisa ada hiyohiyo inalipa mhadhiri, umeme, mlinzi, vitabu na rangi ya ukuta. Kwa hiyo chuo kinabanwa pande mbili: kikipandisha ada kinakimbiwa, kikiiacha pale ilipo hakiwezi kuajiri maprofesa wa kutosha, na TCU inakuja kuhesabu maprofesa. Anayelaumu wahasibu wa vyuo hivi kwa ukali wa kudai salio aanze kwa kukiri hilo. Mishahara ya mwezi haisubiri Bodi ya Mikopo ilipe.

Kuna wanaopinga kabisa fedha za umma kuingia kwenye chuo cha dini, na hoja yao haistahili kubezwa. Tangu Serikali ilipotia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya mwaka 1992, Waislamu wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini kodi ya wote iimarishe taasisi za upande mmoja. Kuwapatia Waislamu majengo ya TANESCO Morogoro, ambako chuo kikuu chao kilianza mwaka 2005, kulipunguza manung'uniko lakini hakukuyamaliza. Hata hivyo mkopo wa Bodi si ruzuku kwa askofu. Anayedaiwa ni mwanafunzi, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu, na wote hao wamejaa kwenye madarasa ya SAUT. Mradi chuo hakimuulizi mwombaji cheti cha ubatizo, fedha kumfuata mwanafunzi ni haki kuliko kumlazimisha aende asikotaka ili apate msaada.

Jirani zetu wametuonyesha inavyokuwa mlango huo ukifungwa. Kenya nao wana Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, Nairobi, ambacho Papa Yohane Paulo II alikizindua rasmi Agosti 1985. Mwaka 2016 wizi wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, ulipodhibitiwa, waliopata C+ na kuendelea, yaani sifa ya kuingia chuo kikuu, walishuka hadi 88,929, na mwaka uliofuata wakawa 70,073. Vyuo vya umma viliweza kuwameza wote, kwa karo ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka. Nani angekwenda kulipa zaidi ya laki moja Lang'ata? Serikali ikaanza kuwapangia baadhi ya wanafunzi wake vyuo binafsi na kuahidi kuwalipia. Wanafunzi walifika, malipo yalichelewa hadi deni likawa la mabilioni. Kisha mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 ukaelekeza ufadhili wa masomo kwa walioko vyuo vya umma. Vyuo binafsi vikabaki na madai ya nyuma pamoja na madarasa yanayopungua. Ndiyo maana nasema utaratibu wa Tanzania, wa kumkopesha mwanafunzi badala ya kukiahidi chuo, una afya zaidi, pamoja na kasoro zake zote.

Sasa turudi kwenye kasoro hizo. Sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili zinatosha. Kwa hiyo kwenye shahada nyingi mchujo hautokani sana na alama, unatokana na fedha. Mwombaji hulipa ada ya maombi kwa kila chuo. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, TCU humtaka athibitishe kimoja ndani ya siku chache. Majina ya waliopata mkopo huanza kutoka baadaye, kwa kawaida Oktoba, vyuo vikiwa vinakaribia kufunguliwa au vimeshafunguliwa. Anayetoka familia yenye uwezo hathibitishi gizani, kwa kuwa mkopo ukikosekana baba atalipa. Maskini ndiye anayecheza bahati nasibu.

Chukua kijana aliyethibitisha chuo cha Kanisa chenye ada ya milioni 1.4. Mkopo ukitoka anakuta Bodi imempa bumu, yaani fedha ya kujikimu, kamili na nusu ya ada. Laki saba hana. Wanaojua maisha ya chuo wanajua kinachofuata: bumu la kula na kulala linakwenda kupunguza ada, kijana anakula mara moja kwa siku, na bado wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inapofika jina lake halimo kwenye orodha ya wenye ruhusa ya mtihani. Wengi wa wanaosemwa kuwa wamedisko, yaani wameondolewa chuoni, hawakushindwa somo. Walishindwa salio. Chuo cha umma nacho kinadai, lakini kinaweza kuvumilia muhula mzima kwa sababu mishahara haitegemei laki saba za huyo kijana.

Hapa ndipo ningekibana chuo cha Kikatoliki kuliko chuo binafsi kingine chochote, kwa kipimo chake chenyewe. Katiba ya kitume, yaani waraka wa Papa, ya mwaka 1990 inayotawala vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani inasema, katika kipengele cha 34, kwamba chuo cha namna hiyo kinaweza kutafuta njia za kuifanya elimu ya juu iwafikie wote wanaoweza kufaidika nayo, hasa maskini. Waraka huo huo una masharti ya walimu wasio Wakatoliki kutokuwa wengi na ya kuheshimu dhamiri ya kila mtu, na wakuu wa vyuo huyataja hayo mara kwa mara. Kipengele cha 34 hukisikii sana kwenye mahafali.

Wakuu hao watajibu kwamba hawana mfuko. Ni kweli. Vyuo vya Kikatoliki vya Marekani vina mitaji iliyowekezwa na wahitimu matajiri wa vizazi kadhaa, ndiyo maana vinaweza kumwandikia mwombaji barua ya udahili iliyo na kiasi cha msaada atakaopewa. SAUT haina hata miaka 30 kama chuo kikuu na wahitimu wake wengi ni walimu wanaokatwa asilimia 15. Huwezi kuwadai mfuko wa mabilioni. Pia si haki kusema Kanisa halitoi kitu: ardhi ni yake, na kazi ya mapadre na masista kwenye taasisi zake huwa haionekani kwenye hesabu.

Ila kukosa mfuko mkubwa hakuzuii mambo madogo yanayohitaji nia tu. Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, chuo kimpe mwombaji kabla ya kuthibitisha karatasi moja yenye gharama yote ya mwaka: ada, michango ya pembeni, chumba, vitendo, na tarehe za kulipa. Leo ada iko kwenye tangazo na michango iko kwenye fomu ya kujiunga, inayosomwa mtu akiwa ameshakubali. Cha pili, chuo kitamke mapema, kwa maandishi, kitafanya nini mkopo ukija pungufu: awamu ngapi, nani anaruhusiwa mtihani akiwa na deni, nani anaweza kufanya kazi maktaba au jikoni akapunguziwa. Makubaliano ya namna hiyo yapo kimyakimya kwenye vyuo vingi, lakini anayeyapata ni anayemjua padre. Mtoto wa Mbarali asiyemjua mtu anaambiwa dirishani kwamba mfumo haumruhusu.

Tena majimbo yapo. Kila jimbo Katoliki lina parokia, kila parokia ina jumuiya ndogondogo, na jumuiya hizo zinachangia harusi, misiba na upadrisho. Jimbo likijifunga kulipia salio la vijana watano tu kwa mwaka, wanaochaguliwa kwa vigezo vinavyobandikwa mlango wa kanisa, bila kuuliza dini kama ambavyo hospitali ya Bugando haimuulizi mgonjwa, linakuwa limefanya kile ambacho mkopo wa Serikali hauwezi: kumwambia kijana mwezi wa nane, kabla hajabonyeza kuthibitisha, kwamba salio lake lina mtu.

Bodi ya Mikopo nayo ina sehemu yake. Ikiwezekana kutangaza majina ya awamu ya kwanza kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa, nusu ya malalamiko haya yataisha bila shilingi moja kuongezwa kwenye bajeti. Watasema hawawezi kukopesha mtu ambaye hajajulikana yuko chuo gani. Wanaweza angalau kumwambia ni asilimia ngapi ya uhitaji wake imekubaliwa, aende nayo sokoni akachague. Mpaka hapo, mzazi anayeulizia nafasi chuo cha Kanisa msimu huu aombe mambo mawili kwa mhasibu, kwa maandishi: jumla ya mwaka mzima, na tarehe ambayo mwenye deni anazuiwa kuingia mtihani.