Msizitupe Hizo Laptopi

Kuna shule moja ya sekondari imeuza kompyuta zake zote za maabara kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Zimepimwa kwa kilo. Fundi wao aliwaambia hazikubali Windows 11, na Windows 10 imeshafungwa, basi hazina kazi tena. Mwalimu aliyenisimulia aliliona ni jambo la kawaida. Mimi limenichoma moyo, maana wanafunzi wa pale sasa wanasoma kompyuta ubaoni.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, ukiacha muda wa nyongeza kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo laptopi ya HP EliteBook 840 G3 yenye Core i5 ya kizazi cha sita imehesabiwa haifai. Skrini yake nzima, kibodi nzima, prosesa haina tatizo lolote. Imeachwa nje ya orodha tu. Na orodha hiyo inatugusa sisi kuliko walioiandika, kwa sababu ofisi za Ulaya na Dubai zikibadilisha mashine, za zamani zinakuja kwetu kama mtumba, na mzazi anajinyima ili mwanawe aende nayo chuoni.

Mtaniambia mashine hizo ni nzito, yaani zinakwenda polepole. Kweli, nyingi ni nzito, lakini aliyekwambia hivyo alikuonyesha uzito unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna kichwa kinachohama huku na huku kusaka data, na mfumo unapowaka unaomba faili ndogondogo kwa maelfu, kila moja ikisubiri zamu yake. Prosesa imekaa haina la kufanya, mtumiaji anaangalia duara linazunguka, kisha lawama zote zinakwenda kwa umri wa kompyuta.

Chukua laptopi ya Lenovo ThinkPad T430 ya mwaka 2012. Zima, toa betri, igeuze. Kifuniko cha diski kimeshikwa na skrubu moja. Ifungue, vuta kifuniko, diski inatoka na reli zake za mpira pembeni. Hamishia reli hizo kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, isukume ndani mpaka ikamate, rudisha skrubu. Umemaliza. Ukiwa na nafasi, safisha feni pia, maana vumbi likijaa pale joto linapanda na prosesa inajipunguza kasi yenyewe. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachomshinda fundi wa mtaani. Ndiyo maana inaniuma fundi anapotangaza kifo cha mashine ambayo hajaifungua.

Halafu weka Linux Mint, mfumo wa bure wa familia ya Linux unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Mint yenyewe inasema RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 inatosha kuanzia, na GB 4 ndiyo ya kutumia kwa raha. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Ndani unakuta Firefox na LibreOffice tayari, na ukishapakua faili lake mara moja unaligawa kwa flashi kwa watu wote bila mwingine kuchoma bando. Tena si lazima uamue siku hiyohiyo: chomeka flashi iliyoandaliwa kuwashia mfumo huo, washa huku ukibonyeza F12, au kitufe kingine kutegemea mashine, na mfumo unawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi. Jaribu sauti na printa. Usipouridhia, zima na chomoa.

Na hii hoja kwamba Linux ni ya wataalamu wa Ulaya, mwenye nayo akumbuke kuwa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizo huria kama Linux yenyewe, ilitoka mwaka 2004 kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitu hivi tumekuwa navyo mkononi miaka zaidi ya ishirini.

Zile Windows za kuvunjwa kufuli tunazopigiwa mitaani sizitaki hata kuzijadili. Ni mlango wa virusi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mhasibu ambaye programu yake inakwenda Windows peke yake hana pa kuhamia, na mbunifu anayeishi ndani ya Photoshop ni hivyohivyo. Kompyuta za biti 32, zile za zamani zaidi, nazo njia yao imekuwa nyembamba: Debian 13, Linux nyingine iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi chao. Na Linux yoyote haitaifanya GB 4 iwe GB 16. Ukifungua tabo thelathini, kivinjari kitameza RAM yote, iwe umepiga mfumo gani. Ongeza RAM kama nafasi ipo. DDR3, aina ya RAM inayoingia kwenye mashine kama T430, zinapatikana za mtumba.

Lakini maabara ya shule haihitaji Photoshop. Inahitaji mwanafunzi ajue kuandika barua, kutengeneza jedwali, kutafuta habari na kuandika programu yake ya kwanza ya Python, ambayo kwenye Mint inakuwepo tangu siku mfumo unapowekwa.

Walimu wakuu, nawaomba: kabla ya kusaini mauzo, chagueni kompyuta moja, mbovu kuliko zote zinazowaka, muijaribu kwa flashi mbele ya mwalimu wa TEHAMA. Fundi akisema hajui Linux, mpeni mchana mmoja. Kisakinishi kinamuuliza lugha, kibodi, intaneti, diski ya kutumia, saa za eneo, kisha jina na nywila.