Kabla hujazima simu, kitazame kile kitone cha bluu

"Dada, ramani inasema ninyooke, lakini mbele yangu kuna korongo." Bodaboda aliyebeba mzigo wangu alinipigia hivyo jioni moja kutoka Goba, masika yamekwisha kukibeba kivuko. Nauza vitambaa Kariakoo na kila siku natuma mizigo kwa kufuata lokesheni za wateja, kwa hiyo simu za namna hii nazipokea sana. Ushauri wanaopeana watu ni uleule: zima simu, washa tena. Siukubali, kwa sababu unampotezea mtu muda bila kumwambia kilichoharibika ni nini.

Anza na kile kitone cha bluu kwenye ramani ya simu. Hapo ndipo simu inapodhani ipo. Kikizungukwa na duara pana la bluu hafifu, maana yake simu haina uhakika. Unaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na simu inahitaji kuzipata angalau nne. Mtaa wa Kongo, katikati ya maghorofa, mawimbi yanagonga kuta kwanza ndipo yafike, na kitone kinarukia mtaa wa pili. Sogea penye uwazi, subiri dakika moja. Angalia kama umewasha kiokoa betri, na kama programu imeruhusiwa kujua mahali ulipo kwa usahihi au kwa kukadiria tu. Kitone kikiwa sawa ila kinaelekea Mbagala na wewe unakwenda Mwenge, dira ndiyo imechanganyikiwa: izungushe simu hewani kama unaandika namba 8, mara kadhaa.

Tena, bando likiisha GPS haifi. Setilaiti hazili bando. Kinacholila ni ramani yenyewe inaposhuka, na hiyo unaweza kuipakua nyumbani kabla hujatoka.

Sasa yule kijana wa Goba, kitone chake kilikuwa sahihi kabisa. Ramani ndiyo iliyokosea: barabara imechorwa, kivuko hakipo. Hapo uguse mipangilio yote ya simu, hutapata kitu. Anayeweza kulitengeneza hilo ni aliyesimama ukingoni mwa korongo. Ndiyo maana nawaheshimu sana vijana wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi ambao tangu 2015 walipita kwenye kata za Dar es Salaam zinazofurika, wakaichora mifereji na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Sisi tunaopita njia hizo kila siku tunazijua kuliko wao, na tunanyamaza.

Nikamwambia yule kijana asigeuze pikipiki kwanza. Apige picha, abonyeze pale pa kuripoti tatizo la barabara, aandike kwamba kivuko kimesombwa.

"Dada, nina mzigo mwingine."

Nikamwambia hizo dakika tano nitazilipia, na nikazilipa.