Vipokezi vya Ukuaji na Saratani ya Kibofu: Vinatuambia Nini Sisi wa Visiwani?

Aliyekulia Pemba hahitaji kuelezwa kichocho. Mtoto huoga mtoni penye konokono, na baada ya miezi mkojo wake huishia na matone mekundu. Ndiyo maana wapimaji wanaokwenda maskulini hupenda kukusanya vikopo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya mnyoo yanapotoka kwa wingi. Mnyoo huo, Schistosoma haematobium, tangu mwaka 1994 umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, na kiungo unachokidhuru ni kibofu. Swali ninalolipima hapa ni hili: mgonjwa akishakatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kibofu kwa uchunguzi, je, inafaa kupima pia vipokezi vya vichocheo vya ukuaji, ili kujua ugonjwa wake utaelekea wapi?

Wanaosema inafaa wana hoja yenye mantiki. Kipokezi ni protini iliyokaa juu ya seli, ikingoja kichocheo kije kuiamrisha seli igawanyike. Katika kibofu kisicho na ugonjwa, kipokezi kiitwacho EGFR hupatikana zaidi katika tabaka la chini la utando wa ndani, mbali na mkojo. Katika uvimbe wa saratani huonekana hata katika tabaka za juu, na mkojo wenyewe umejaa kichocheo chake, kwa hiyo seli zinaogeshwa mchana kutwa na kile kinachozisukuma kukua. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza walionesha kwamba kipokezi hiki hujitokeza zaidi katika uvimbe uliopenya misuli kuliko ule wa juujuu.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kipokezi kingi maana yake ni hatari kubwa atakwama akifika kwa kipokezi kingine, FGFR3. Mabadiliko ya jeni yake huonekana sana katika uvimbe wa daraja la chini, ule unaorudi mara kwa mara lakini ni nadra kupenya misuli. Mabadiliko hayo huashiria afadhali. Kuhusu kipokezi cha tatu, HER2, tafiti zimegongana, kwa sehemu kwa sababu maabara hutofautiana katika kuamua rangi ya kahawia inayokionesha kipokezi kwenye kioo cha hadubini iwe kiasi gani ndipo ihesabiwe kuwa chanya. Hapa ndipo ninapoona wengi wanachanganya mambo mawili: alama inayobashiri mwendo wa ugonjwa, na alama inayoonesha dawa ipi itafanya kazi. Lapatinibu, dawa inayozuia EGFR na HER2, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa waliokuwa na vipokezi hivyo baada ya tibakemikali, na haikuwaongezea muda. Erdafitinibu, dawa inayozuia vipokezi vya familia ya FGFR, ambamo FGFR3 imo, kwa upande wake, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa saratani iliyosambaa yenye mabadiliko ya FGFR. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023 wagonjwa waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 12.1, dhidi ya 7.8 kwa waliopewa tibakemikali. Si tofauti ya kupuuzwa, na aliyewahi kumuuguza mzazi anaijua thamani ya miezi minne.

Lakini elimu hiyo karibu yote imetokana na saratani ya utando wa kawaida wa kibofu, ambayo kisababishi chake kikuu ni tumbaku. Saratani inayofuatana na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, na humo mabadiliko ya FGFR3 ni machache. Kwa hiyo kuyachukua matokeo hayo kama yalivyo na kumsomea mzee wa Wete, kule Pemba, ni kumkosea haki.

Mimi nauona upimaji wa vipokezi kuwa jambo la kufuata, si la kutangulia. Kinachobashiri zaidi bado ni kina cha uvimbe, nacho hutegemea kinyama chenyewe: kipande kisipokuwa na msuli ndani yake, daktari wa patholojia hawezi kusema kama saratani imepenya au la, na mara nyingi mgonjwa hulazimika kurudishwa mezani kukatwa tena. Kwa mtu aliyevuka bahari kutoka Pemba, safari hiyo ya pili ni nauli nyingine, ndugu mwingine wa kumsindikiza, na wiki ambazo uvimbe haumngojei.