Biashara ya kijamii huonekana maziwa yanapopanda bei

Siku hizi kila kampuni inajiita ya kijamii. Inapeleka madawati shuleni, inapiga picha na mkuu wa mkoa, kesho yake mambo ni yaleyale. Sina ugomvi na madawati. Ila huo ni ukarimu wa mwenye biashara; biashara yenyewe haujaigusa.

Tazama Bangladesh. Mwaka 2006, Grameen, kundi lililotokana na benki ya Muhammad Yunus ya kuwakopesha maskini, liliungana na Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa, wakajenga kiwanda kidogo cha mtindi huko Bogra. Mtindi huo, Shokti Doi, uliongezewa madini ya chuma, zinki na vitamini A kwa ajili ya watoto wa vijijini wenye utapiamlo. Maziwa yalitoka kwa wafugaji wa jirani, na akina mama wa vijijini waliutembeza nyumba kwa nyumba. Mapatano ya biashara hiyo ya kijamii yalikuwa kwamba mwekezaji atarudishiwa mtaji wake, na faida itabaki kupanua kazi.

Kikombe kiliuzwa taka 5, taka ikiwa ni fedha ya Bangladesh. Mwaka 2008 maziwa yakapanda, bei ikasogezwa hadi taka 8, mauzo ya vijijini yakaporomoka. Hapo mfanyabiashara wa kawaida angehamia mjini kwenye wateja wenye pesa, na wala nisingemlaumu. Wao pia walikwenda mjini, Dhaka, wakauza kwa bei ya juu. Lakini kijiji hawakukiacha: walipunguza ujazo wa kikombe ili bei ishuke, na mauzo ya mjini yakasaidia kukibeba.

Najua wapo wanaosema Danone ilikuwa inatafuta soko jipya. Huenda. Hata Mangi, mwenye duka wa mtaani anayetukopesha unga hadi mwisho wa mwezi anatafuta wateja, na bado anatufaa. Tofauti ni kwamba Mangi akichoka kukopesha, hakuna ahadi aliyovunja.

Ndiyo maana ahadi inapaswa kuandikwa. Uingereza tangu 2005 ina aina ya kampuni ambayo mali yake imefungwa kisheria kwa manufaa ya jamii, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lina kikomo. Kwetu Tanzania, wengi husajili kampuni ya kawaida kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kisha maneno mazuri hubaki kwenye tovuti. Kwa hiyo mtu akiniambia biashara yake ni ya kijamii, namwomba katiba ya kampuni, nisome kifungu cha gawio.