Baba mdogo hakuwahi kuonja ulanzi

Jumamosi tulimzika baba mdogo kule Makambako; saratani ya ini imemchukua. Nilikuwa nyuma ya nyumba, akina mama wakisonga ugali wa msibani, nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Ulanzi umemmaliza," yaani ile pombe ya mianzi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa. Kwenye sherehe alikuwa akiomba togwa isiyolevya.

Sikatai, pombe huharibu ini, na ini lenye makovu huzaa saratani. Lakini kwetu Afrika wauaji wakubwa ni virusi vya homa ya ini B na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na vikikutana ndipo balaa. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa miaka ya 1990 ulikuta mwenye virusi peke yake hatari yake ya saratani ya ini imepanda kama mara 7, aliyekula sumukuvu peke yake kama mara 3, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Sisi huku mahindi ndiyo maisha. Yenye ukungu tunayatenga pembeni, njaa ikibisha tunayachanganya na kuyapeleka mashineni, na moto wa jikoni hauiondoi ile sumu.

Kinachotokea ndani ya ini ndicho ninachotamani wale akina mama wangekijua. Ini hujua kuota upya: likikatwa kipande, lililobaki hukua mpaka litoshe, kisha linaacha. Kazi hiyo huendeshwa na protini za kupeleka ishara, kama mbiu ya mgambo inavyopita kitongoji kwa kitongoji. Protini ya mlangoni mwa seli humwamsha mwenzake aitwaye RAS, RAS humwamsha RAF, RAF humwamsha anayefuata, mpaka habari inafika kwenye kiini: gawanyika. Kazi ikiisha, wote wanarudi kulala. Kwenye saratani mbiu hulia usiku na mchana wala hakuna mwenye shida aliyeipuliza. Mara nyingi protini nyingine, beta-katenini, ambayo seli yenye afya huivunja kila inapozidi, hurundikana mpaka ikaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ukuaji. Mlinzi, protini ya p53 inayozuia seli iliyoharibika isigawanyike, huenda keshalemazwa. Sumukuvu hupenda kumharibu mahali palepale kwenye jeni yake, kodoni ya 249, kama mwizi anayeacha unyayo uleule kila nyumba. Kisha protini iitwayo VEGF huita mishipa mipya ya damu ije kuulisha uvimbe.

Ishara inayonitisha kuliko zote ni protini ya TGF-beta. Mwanzoni huzizuia seli zisigawanyike ovyo. Uvimbe ukikomaa, ishara hiyohiyo huzisaidia seli kuachana na jirani zao, kulegea, na kupenya kwenye mshipa wa damu mpaka mapafuni.

Dawa ipo. Sorafenib iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, na huziba njia ya RAF na milango ya VEGF. Kwenye jaribio lake kubwa, nusu ya waliopewa waliishi kuvuka miezi 10.7, nusu ya wasiopewa 7.9. Kwa mtu mwenye watoto wiki hizo ni nyingi, siwezi kuzibeza. Lakini baba mdogo alifika hospitali mkanda wake ukiwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari, upande wa kulegeza, maana tumbo lilikuwa limejaa maji huku mabega yakibaki mifupa.

Na virusi vile huenda alikuwa navyo tangu utotoni, bila maumivu yoyote. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wetu mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, ni wangapi tumewahi kupima?

Jumatatu niliwapeleka wanawe watatu. Wawili wako salama, wameshachomwa sindano ya kwanza. Binti mkubwa, wa mwaka 1998, kipimo kimeonyesha anavyo. Damu yake imepelekwa kupimwa wingi wa virusi.

"Kaka," ameniuliza kwenye basi, "mwanangu anayenyonya naye apimwe?"

Nimemwambia ndiyo, kesho asubuhi.