Hatua ya Nne

Anayesema punda milia hana madhara hajawahi kukutana naye kwenye mjadala wa mtandaoni saa tano usiku.

Aliyemleta kundini ni jamaa mmoja ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuandika chochote. Aliingia na mstari mmoja: "Wakuu habari. Punda milia ni nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe? Naomba jibu la haraka." Kisha akapotea. Kila kundi lina mtu wa namna hii: anawasha kiberiti, anakitupa ndani, anafunga mlango kwa nje.

Jibu nilikuwa nalo. Ukimnyoa punda milia, kama atakubali, utakuta ngozi yake ni nyeusi karibu mwili mzima. Manyoya meupe ni yale tu ambayo hayakupewa rangi na seli zinazotoa rangi. Kwa hiyo ni mnyama mweusi mwenye milia myeupe. Nikaandika hivyo, nikaweka simu kando, nikavuta shuka.

Simu ikalia. "Mkuu, kwa heshima na taadhima, mimi namwona ni mweupe. Tumbo lake ni jeupe. Usiku mwema."

Aliyeandika jina lake lilikuwa namba tupu, na picha yake ilikuwa baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Nitamwita Baiskeli, kwa sababu mpaka leo sijui kama ni bwana, ni bibi, ni mzee mstaafu au ni mwanafunzi aliyekataa kulala. Nilichokijua ni kwamba kaniambia nimekosea, tena kanitakia usiku mwema. Mtu wa hivyo humwezi kwa matusi. Matusi yanadondoka kabla hayajamfikia.

Bahati mbaya ni kwamba siku hizo nilikuwa nimetoka kusoma ushauri wa Daniel Dennett, mwanafalsafa wa Marekani, ambaye mwaka 2013 alieleza namna ya kumkosoa mtu kistaarabu. Mwenyewe alisema kanuni hizo kazipata kwa Anatol Rapoport, mtaalamu wa hisabati na saikolojia. Hatua ni nne. Kwanza, ueleze msimamo wa mpinzani wako vizuri kiasi kwamba mwenyewe aseme asante, laiti ningeusema hivyo. Pili, utaje mnayokubaliana. Tatu, utaje ulichojifunza kwake. Ukishamaliza hayo yote, hatua ya nne, ndipo unapewa ruhusa ya kumpinga.

Jambo ambalo Dennett hakulitaja, na ningemwomba angelitaja, ni kwamba hatua hizi zisitumwe moja moja.

Mimi nilizituma moja moja. Ujumbe ulikuwa mrefu, na kundi letu ukiandika aya tatu mtu anakuuliza kama umeanza kuandika wosia. Nikatangulia na tangazo: "Mkuu wa baiskeli, nitakujibu kwa hatua nne za Dennett. Hatua ya kwanza ni kueleza msimamo wako." Halafu nikauweka:

"Mtazameni punda milia tumboni. Milia myeusi inashuka ubavuni, inapungua, inakoma, na weupe unaendelea peke yake. Kinachokoma ni pambo. Kinachoendelea ndicho msingi. Mkumbukeni pia kwaga, jamaa wa punda milia ambaye wa mwisho wao alikufa Amsterdam mwaka 1883: milia alikuwa nayo kichwani, shingoni na kifuani, nyuma hana, na tumbo lake jeupe. Milia huja na kuondoka. Tumbo halidanganyi."

Nilipoisoma tena nilijipenda. Ile ya tumbo halidanganyi haikuwa kwenye hoja ya Baiskeli hata kidogo. Nilimwongezea mwenyewe, kwa ukarimu.

Baiskeli akajibu palepale: "Asante sana mkuu. Laiti ningeusema hivyo." Neno kwa neno! Nikaona kanuni inafanya kazi kama dawa. Nikaanza kuandika hatua ya pili, na bando likakata.

Asubuhi nilipounganisha intaneti, simu ilitetemeka mpaka ikasogea mezani. Kundi lilikuwa limegawanyika kambi mbili, wa mweupe na wa mweusi, na kiongozi wa kambi ya mweupe nilikuwa mimi.

Ujumbe wangu ulikuwa umebandikwa juu kabisa ya kundi. Kuna mwenye juhudi zake alipiga skrinshoti, akakata ule mstari wa tangazo la Dennett, akausambaza na maneno "Mtaalamu kamaliza mjadala". Wengine walishaweka "Tumbo halidanganyi" kwenye maelezo ya wasifu wao.

Na upande wa pili? Kiongozi wa kambi ya mweusi alikuwa Baiskeli. Maskini, usiku ule ule aliona si adabu mimi nimweleze vizuri halafu yeye asinieleze, akafuata hatua zile zile. Akaueleza msimamo wangu kwa ufundi ambao mimi sina. Alichimba hadi yule mtoto wa punda milia aliyeonekana Maasai Mara mwaka 2019, mwili mweusi na madoa meupe, milia hakuna. "Milia ikikosea njia," aliandika, "kinachobaki ni giza." Nilisisimka. Halafu chini yake akamalizia: "Hatua zangu nyingine nitazileta mkuu akishafika ya nne. Si vizuri kumtangulia."

Basi kila mmoja kamsemea mwenzake kwa moyo wote, kila mmoja anasubiri ruhusa ya kupinga, na watu hawana subira hiyo.

Nikajaribu kunyoosha mambo. "Jamani, ule haukuwa msimamo wangu. Mimi naamini ni mweusi." Wafuasi wangu wakanijia juu kwa upendo. "Usitishwe mkuu, tuko nyuma yako." "Wamemfuata faragha, wamemtisha." Mmoja akaandika tu: "Simu ya mkuu imeibiwa. Mkuu wa kweli ni yule wa jana usiku."

Katikati ya vurugu hizo alijitokeza mtu mmoja mwenye akili. Akaandika kwa utulivu kwamba swali lenye faida ni milia inafanya kazi gani, na kwamba kuna watafiti waliowavisha farasi majoho yenye milia, wakaona nzi wanaouma wanashindwa kutua vizuri, na utafiti huo ukachapishwa mwaka 2019. Taarifa nzuri, fupi, ya kweli. Hakuna aliyemjibu. Hakuwa amemkosea mtu.

Ndipo akaja Simba. Picha yake simba, herufi zake zote kubwa. Paul Graham, yule mwandishi wa programu za kompyuta, mwaka 2008 alizipanga namna za kupingana katika ngazi saba: chini kabisa kutukana, juu kabisa kuvunja kiini cha hoja ya mwenzako. Simba hakuwa na haja ya ngazi. "WEWE WA TUMBO KICHWA CHAKO KIMEJAA MAJI. NGOZI NI NYEUSI. NYEUSI!"

Fikiria hali yangu. Natukanwa kwa maoni ambayo si yangu, na anayenitukana anasema yale ninayoyaamini mimi. Kumjibu vibaya ni kujitukana. Kumuunga mkono, wafuasi wangu watasema nimenunuliwa. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu, heshima. Nikakusanya adabu yangu yote nikamwandikia haraka haraka, kabla hajaongeza jingine, nikimwachia simu imalizie maneno marefu, kwa kuwa ina tabia ya kukisia.

Nilichokusudia kilikuwa na neno hoja. Simu ikakisia haja. Ujumbe uliofika mbele ya kundi zima ni huu:

"Mkuu Simba, naiheshimu sana haja yako kubwa. Nimeikagua kwa makini na kwa kweli ina uzito. Naomba nipewe muda niishughulikie. Zile haja zako ndogo nitazipitia jioni."

Kwa muda hakuna aliyeandika. Hata Simba. Kisha mtu mmoja ambaye nilidhani alishaacha kutumia simu akauliza: "Mkuu, umeikagua ukiwa wapi?"

Stika zilizofuata siwezi kuzieleza hapa. Nikarekebisha kwa kinyota, "*haja". Simu ilishaamua. Nikaandika kwa kutenganisha herufi, ikaziunganisha. Nikatuma, "Samahani wakuu, nilimaanisha haja, siyo haja," na hapo ndipo wale waliokuwa wanajizuia kwa kunionea huruma nao wakaachia. Nikaongeza emoji ya kucheka ili ionekane tuko pamoja. Simba akaitafsiri kuwa namcheka yeye. Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipopendekeza mwaka 1982 tuandike nukta mbili, kistari na mabano kuashiria mzaha, nia ilikuwa kuzuia ugomvi wa aina hii. Miaka imepita, nyuso zimeongezeka, na kila uso una maana mbili.

Aliyenitetea ni mmoja tu, Baiskeli. "Jamani, tuheshimiane," aliandika. "Haja ya kila mtu ipewe nafasi yake."

Niliusoma ule ujumbe mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Haukuwa na emoji. Kuna kanuni inayoitwa kwa jina la Nathan Poe, ya mwaka 2005, ambayo kwa ufupi inasema kwamba mtandaoni, pasipo alama ya wazi ya mzaha, huwezi kutofautisha anayetania na anayesema kwa dhati. Poe mwenyewe alikuwa anazungumzia mijadala ya uumbaji. Laiti angemwona Baiskeli.

Simba sasa alikuwa amepata nguvu mpya. Mike Godwin, mwanasheria wa Marekani, alishasema mwaka 1990 kwamba mjadala wa mtandaoni ukirefuka, uwezekano wa mtu kulinganishwa na Hitler unakaribia kuwa hakika. Mimi nilidhani punda milia watatukinga. "HITLER NAYE ALIANZA HIVI HIVI," aliandika Simba, "KWA KUPANGA NANI MWEUPE." Wa mweupe wakasema wa kwanza kugawa rangi ni wa mweusi. Mtu akatoka kundini kwa hasira. Akaomba arudishwe ili atoke tena, maana mara ya kwanza hakuna aliyemwona.

Na hapo, pasipo hata salamu, yule muulizaji akarudi.

"Wakuu samahani, sikuwa hewani. Naona mmejadili sana, nashukuru. Mimi nilikuwa naulizia kivuko. Nimepewa kazi ya kupaka punda milia barabarani, mbele ya shule. Niliona wengi mnasema msingi ni mweusi, nikanunua nyeusi ndoo nzima. Nimeshapaka. Ila sasa lami nayo ni nyeusi. Haionekani."

Naapa, ile ilikuwa mara ya kwanza tangu mjadala uanze kambi zote mbili zilikubaliana: jamaa hana akili. Walimshukia kwa umoja wa ajabu. Vivuko vya namna hiyo vilianza rasmi Uingereza mwaka 1951 na wapakaji wakaelewana bila mwanafalsafa! Nikadhani yamekwisha. Lakini yupo mmoja, daima yupo mmoja, akaandika: "Kwa kumbukumbu tu, vile vya majaribio, miaka ya 1940 mwishoni, kuna vilivyopakwa bluu na njano."

"BLUU JUU YA NJANO AU NJANO JUU YA BLUU?" akauliza Simba.

Admini alilifunga kundi, wakabaki kuandika maadmini peke yao, nao wako wawili na hawasalimiani.

Jioni nikapata ujumbe faragha. Picha ya baiskeli. "Shikamoo mkuu. Samahani kukufuata huku. Ila ile hatua ya nne naidai. Nimejiandaa."

Shikamoo! Nilishindwa kuiitikia, maana kama huyu ni babu wa mtu nitapata laana, na nikaona nami nimwamkie, shikamoo kwa shikamoo, kila mtu abebe yake. John Suler, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 2004 jinsi kutoonana kunavyowafungua watu mtandaoni, wengine wakawa wakali kupita kiasi na wengine wakawa wema kupita kiasi. Wema ndio unaotesa. Mkali unamzima simu ukalala. Huyu nilijiona nina deni lake.

Nikakaa chini nikaandika kila kitu kwa mkupuo. Tunayokubaliana: punda milia yupo, ana milia, na Simba apunguze sauti. Niliyojifunza kwako: yule mtoto wa Maasai Mara, na kuaga kabla ya kulala. Kisha nne, ile niliyoibeba tangu juzi kama mimba: tumbo jeupe ni kweli, lakini ule weupe ni wa manyoya tu, na manyoya si ngozi. Yote meusi na meupe yameota kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo weupe wa tumbo ni mlia mmoja mpana tu kuliko mingine. Nikasoma, nikahakiki kila neno, nikaifumba ile huduma ya simu kukisia. Nikatuma.

Akausoma. Niliona ameusoma. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena kwa muda mrefu sana, hata nikasogeza kiti karibu na chaja.

Jibu likaja: "Haja yako nimeiona, mkuu. Ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Usiku mwema."