Zima Feni Tuisikie

Mwezi wa Januari, kaskazi imeshika, saa 3 za usiku, niliwaweka wazee watano wa barza yetu ya Miembeni ndani ya chumba kidogo, nikafunga dirisha, kisha nikawazimia feni. Si kwa ubaya. Feni ikizunguka, amplifaya yangu mpya ilikuwa haisikiki.

Mambo yalianza na binamu yangu aliyeko Uingereza. Kontena lake lilipofika lilikuwa na baiskeli, magodoro, mashine ya kufulia, na jozi ya spika ambayo ndiyo ilikuwa fungu langu. Spika ndogo, lakini ukizinyanyua utadhani zimejazwa mchanga. Nyuma zimeandikwa desibeli 84, omu 4. Mie nikayachukulia yale kuwa mambo ya kiwandani huko, hayanihusu.

Spika ninazo, cha kuzisukuma sina. Mtu mwenye akili zake angekwenda Darajani, akanunua amplifaya ya kawaida ya transista, na adhuhuri ikamkuta nyumbani anasikiliza. Mie nikaona picha. Valvu nne, zile chupa za kioo za redio za zamani, zinawaka gizani, rangi ya makaa yaliyokuwa tayari kwa mishkaki. Nikapotea pale pale.

Nikaanza kusoma kama anayejiandaa na mtihani. Nikajua kwamba valvu ya kwanza ilitoka kwa Fleming, Uingereza, mwaka 1904, na kwamba mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaitia kijiwavu ndani, ndipo ikaweza kukuza sauti. Sasa tazama: katikati ya miaka hiyo miwili, 1905, hapa kwetu Unguja ikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab. Mie nikaona hiyo ni ishara. Nikawa nazitaja barzani valvu za EL34, KT88 na 300B kama mtu anayewataja watoto wa dada yake. Nikajua pia kuna amplifaya ambayo kila spika inasukumwa na valvu moja tu, na nyengine ambayo valvu mbili zinapokezana kazi. Waandishi wote niliowasoma waliisifu ile ya valvu moja kwa utamu wa sauti. Nilichopitiwa nacho ni kwamba utamu wenyewe unapimwa kwa kijiko cha chai.

Nikaipata kwenye duka la vitu vilivyotumika kutoka Japani. Wati 3 kila upande. Niliuliza, nisidanganye. Nikasema, "Wati 3 si chache?" Muuzaji akaniwekea mkono begani. "Yakhe, wati 3 za valvu si wati 3 hizi unazozijua wewe." Tukashushana mpaka laki 7, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Mungu alinisaidia nikapitia kwa fundi. Mzee huyu ametengeneza redio za valvu tangu ana nywele. Akaigeuza, akavaa miwani, akasoma kibati cha nyuma.

"Umeshaichomeka?"

"Bado, mzee."

"Basi nenda kasali rakaa mbili za shukrani. Hii ya volti 100. Umeme wako wa nyumbani ni 230."

Akaniambia nitafute transfoma ya kushusha umeme, tena ishuke mpaka 100 sawasawa, nisiletewe ya 110 nikaambiwa ni hiyo hiyo. Kisha akauliza, "Na spika zako zimeandikwaje?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ni za Uingereza. Akanitazama kama daktari anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, mgonjwa akamtajia mtaa anaokaa.

Transfoma nikaipata. Nzito kama tofali la saruji, na inavuma. Kwa hiyo ndani ya chumba feni linavuma, friji la mama linavuma ukumbini, transfoma nayo inavuma, na katikati yao nyimbo inaomba njia.

Ndipo nikawaita wazee. Mama akapika kahawa, halua ikawekwa. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wa barza, akapewa kiti cha mbele. Nikazima taa, nikawasha mashine, valvu zikaanza kuiva taratibu. "Mashallah," wakasema wote, na mpaka hapo, wallahi, nilikuwa mfalme. Nikawaeleza kuwa nitawawekea Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri. Nikabonyeza simu.

Kimya. Ami akainamisha kichwa, akategesha sikio.

"Sasa mwanangu, Siti bado yuko Bombay?"

Nikaongeza sauti. Mzee mmoja akasema anasikia kitu, lakini kumbe ni kikombe cha mwenzake. Nikafunga dirisha, maana kijana wa jirani ana kispika cha kuunganisha na simu, hakizidi ukubwa wa kopo la maziwa, na kilikuwa kinaburudisha mtaa mzima. Nikachomoa friji. Mama akaniita kutoka ukumbini, nikaitika naam, nikajifanya sijasikia yaliyofuata. Mwisho nikazima feni.

Hapo ikasikika. Tatizo ni kwamba amplifaya ya namna ile inakula umeme ule ule, iimbe au inyamaze, na karibu wote unatoka kwa sura ya joto. Valvu nne, wazee watano, dirisha limefungwa. Kanzu zikaanza kushika migongo. Nikaizungusha sauti mpaka mwisho ili angalau tumalize nyimbo moja kwa heshima, Siti akakauka koo. Ami akajifuta jasho kwa kofia.

"Mwanangu, hii ni redio au jiko?"

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Neno lile lilimwingia, lakini mie sikujua wakati ule. Wazee wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake, na baada ya dakika kumi nikawasikia wote watano nje, wamekaa chini ya dirisha la jirani.

Kesho yake nikamrudia fundi, safari hii na namba. Akacheka mpaka akavua miwani. "Desibeli 84! Hiyo ndiyo sauti spika inayotoa ukiipa wati moja. Hizo spika zina usingizi. Kila unapopungukiwa desibeli 3, wati zako zinatakiwa ziwe mara mbili. Spika ya 90 ingekula wati 3 ikashiba. Yako, kwa kelele ile ile, inataka 12. Ulitakiwa uanze kusoma nyuma ya spika, ndipo ukachague amplifaya. Wewe umenunua punda kwa kuangalia rangi, gari hukulipima uzito."

Sikuirudisha. Niseme ukweli, saa 7 za usiku, mtaa umelala, sikio langu limegusana na spika, ile mashine ilikuwa na kitu. Ule udi ulikuwa na mbao ndani yake. Sauti ya mtu ilikuwa na pumzi. Lakini ni starehe ya mtu mmoja, tena kwa sikio moja.

Ikaja masika. Mvua wiki nzima, na mama anataka kupika mkate wa kumimina. Mchele umesagwa na tui, sukari, iliki, hamira imetiwa, na kwa baridi ile haumuki. Jioni nikaiwasha amplifaya ipate moto, nikaenda msikitini kusali isha. Nyuma ya valvu kuna vifuniko vya transfoma, viko bapa na vina vuguvugu zuri. Mama akalitua bakuli pale.

Niliporudi, harufu ya iliki ilinipokea mlangoni, na nyuma yake harufu ya tui lililoungua. Mkate wa kumimina ulikuwa umejimimina wenyewe. Ulipanda, ukapita mdomo wa bakuli, ukateremka mbele polepole mpaka kwenye valvu. Moja imepasuka, na lile doa la fedha kichwani mwake limegeuka jeupe kama tui lenyewe, dalili kwamba hewa imeingia na valvu imekufa. Fyuzi nayo imeondoka. Mama amesimama na kitambaa kibichi mkononi, anakwenda kupangusa.

"Mama, usiguse!"

Sijawahi kumpigia mama yangu ukelele maishani. Ilibidi nichomoe waya kwanza, halafu nipige magoti niombe radhi, na nikiwa huko huko chini nimueleze kwamba ndani mna volti 300 zinazojificha kwenye kapasita hata umeme ukishachomolewa.

"Sasa mie nitajuaje?" akasema. "Nimemsikia ami yako kwa masikio yangu anasema jiko." Akachungulia bakuli. "Lakini umeumuka vizuri."

Uliobaki tuliupika usiku ule ule. Ulikuwa mzuri, siwezi kuukatalia.

Fundi aliikwangua kwa brashi siku mbili. Akaniambia kwamba katika maisha yake ametoa mende, mjusi na maji ya bahari, lakini mkate ndio mara ya kwanza. Akaitia valvu nyengine, akamtafuta mtu mwenye spika kubwa za zamani zenye desibeli 97, tukamuuzia. Nasikia kwake inatikisa dirisha.

Mie sasa nina ya EL34, mbili kwa kila upande, wati 35, ya volti 230, na nyuma ina pahala pa kufungia spika za omu 4 kama zangu. Siku nilipoileta, Ami alikuja peke yake kuikagua kabla hajawaambia wenzake. Akasikiliza feni likiwa linazunguka, akatikisa kichwa mara mbili, akaomba kahawa.

Mama alikuwa ameshughulika na kitu chengine. Mashine hii imekuja na mfuniko wa chuma wenye matundu, wa kuzikinga valvu. Akapitisha kiganja juu yake.

"Huu haufunguki ovyo?"

"Haufunguki, mama."

"Na juu bapa, eeh?"

"Naam."

"Vizuri. Kwenye ile, bakuli lilikuwa likiyumba."